Kifungo cha Juu

Harufu ya sufu iliyolowa jasho, ikichanganyika na ya vitunguu vilivyong'olewa, hunirudisha Mang'ola mara moja, hata kama nimesimama jikoni kwangu Karatu na ukungu umeziba dirisha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu Theresia saba, baba alipotutoa Daa, milimani, akatushusha bondeni, karibu na Ziwa Eyasi, kulima vitunguu vya kumwagilia. Daa tulikotoka, asubuhi pumzi yako unaiona kwa macho, na mtoto asiye na sweta watu humtazama kama mtoto asiye na mama. Mama yangu hakutaka kusemwa. Nyuzi zilikuwa adimu miaka hiyo, kama sabuni na sukari, basi akafumua shali lake la harusi, la kijani, akatufumia sweta mbili nzito za vifungo hadi kidevuni. Siku ya kwanza ya shule alituvalisha mwenyewe, kisha akanishika bega mimi, mkubwa. "Kifua cha mdogo wako kisiachwe wazi," alisema. "Nitakuuliza wewe."

Mang'ola haikuwa na habari na sweta. Ikifika saa nne ardhi ilikuwa imeshika moto, vumbi la ziwani limeganda kwenye kope, na upepo, ukivuma, ulitoka kama kwenye mdomo wa tanuri la matofali. Wenzetu darasani, watoto wa Kirangi, wa Kinyiramba, na Wairaqw wachache waliozaliwa hukohuko, walivaa mashati mepesi yaliyochakaa, wakatuita "wagonjwa". Nami nikawabeza kimoyomoyo, nikajiona ni sisi wawili tu tuliolelewa. Theresia hakuwa na kiburi changu. Kila siku alininong'oneza, "Dada, nivue kidogo tu," na kila siku nilimkatalia, nikamfunga tena kile kifungo cha juu alichokuwa amekifungua kwa siri. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo nilivyokuwa, msimamizi mkali wa jambo nisilolielewa.

Siku yenyewe tulikuwa tukipandikiza miche. Shule ilikuwa na shamba lake, nalo lilipakana na majaruba ya Mama Hadija, mwanamke wa Kondoa aliyelima peke yake na ambaye hatukumpenda hata kidogo, kwa sababu alitufukuza kila tulipochezea mfereji. Kipindi cha shamba kilianza saa nane, jua likiwa limetulia juu ya utosi. Theresia alimaliza mistari miwili, akaanza kupanda miche mizizi juu, majani chini. Nikamgombeza. Akaniangalia kana kwamba hanijui, uso mkavu bila tone la jasho, kisha akakaa, kisha akalala kwenye tope. Mwalimu Gwandu alikuja mbio. Alikuwa mtu wa Kansay, ameshuka bondeni mwaka uleule kama sisi, na kwetu milimani mtoto akianguka namna ile, jambo la kwanza ni kumkinga na baridi. Alimgusa paji la uso, akasema ni homa, afunikwe upesi, akavua koti lake akamfunika. Na mimi, huku nalia, nikafungua vifungo vyangu vyote, nikavua sweta yangu, nikaiweka juu ya lile koti na kumchomekea kandokando asipate upepo.

Mama Hadija alikuwa ng'ambo ya tuta, jembe mkononi. Ilikuwa zamu yake ya maji, na zamu ilikuja mara moja kwa wiki, saa chache tu, ikikupita imekupita. Alitupa jembe. Aliruka tuta, akatupa koti huku na sweta kule, akakwanyua vifungo vya Theresia bila kuvifungua, akambeba hadi mferejini na kumlaza ndani ya maji, kichwa chake mapajani.

"Mwalimu, mtoto huyu anaungua," alisema bila kupaza sauti. "Mnamfunika ili iweje?"

Mwalimu alipiga magoti mferejini na suruali yake ya kazi, akaanza kumchotea maji kichwani kwa kofia. Nyuma yao maji, yakiwa hayana wa kuyaongoza, yalibomoa tuta na kusomba miche ya Mama Hadija, jaruba baada ya jaruba. Aliona. Hakusogea. Nami nilikaa ukingoni nikimwambia Mungu kwamba nitavumilia adhabu yoyote, ila hii isiwe mojawapo. Sijui ilichukua muda gani. Ninachojua ni kwamba Theresia alikohoa, akamwita mama, akalalamika kwamba maji ni ya baridi, na mimi nikateremka mferejini, nikamshika mkono.

Mganga wa zahanati, ambako Theresia alifikishwa kwa lori la vitunguu, alisema maji ndiyo yaliyomwokoa. Jioni ile mama alisimuliwa yote, isipokuwa habari ya sweta yangu, ambayo niliificha. Aliichukua sweta ya Theresia isiyo na vifungo, akakaa kizingitini na kuifumua yote, uzi akiuzungusha mkononi, machozi yakimtoka kimya kimya. Kesho yake yeye na baba walikwenda kumpandikizia Mama Hadija miche kutoka kitalu chetu, na zamu yetu ya maji iliyofuata baba aliielekeza kwake. Shuleni, Mwalimu Gwandu alisimama mbele ya mstari, tukadhani anatafuta wa kuchapa. "Jana nilikosea," alisema. "Nilikaribia kumuua mtoto kwa huruma." Hatukuwahi kumsikia mwalimu akisema kitu kama hicho. Tangu siku ile kipindi cha shamba kikahamia asubuhi na mapema, mtungi wa maji ukawekwa mlangoni na hakuna aliyehitaji ruhusa kunywa, na ukutani ikapigwa misumari ya kutundika sweta za watoto wa milimani.

Mwaka jana tulishuka Mang'ola, mimi na Theresia, yeye sasa ana mjukuu. Joto naona limezidi lile la enzi zetu, na maji mferejini yamepungua. Lakini shule ina tangi kubwa, watoto wanavaa mashati ya mikono mifupi, na saa nane mchana hakuna hata mmoja aliyekuwa juani. Misumari bado ipo. Siku hizi wanatundika kofia. Nikiwa nimeushika mmoja, nilimwambia Theresia kile nilichokificha miaka yote, kwamba siku ile nilimwongezea na sweta yangu.

"Nilijua, dada," alisema. "Nilisikia ukinichomekea."

Akacheka, akafungua kifungo cha juu cha blauzi yake. Kisha akanigeukia, akanifungua na changu.