Fundi Onesphore Azuru Majengo ya Wasomi

Onesphore alisonya hata kabla hajashuka garini. Jumamosi ya mapumziko, mtu mzima aletwe Minneapolis kutazama majengo ya chuo kikuu! Aliyemleta ni Jairus, Mkenya, msimamizi wa manesi na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa lao kule Brooklyn Center. Ukuta wa mbele wa kanisa, wa mawe, ulikuwa unabomoka, na Onesphore aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote tangu aingie Amerika mwaka 2010. Kwao Goma, Kongo, alikuwa fundi wa mawe, tena fundi hasa. Mapadri walimfundisha, naye akawajengea nyumba tatu na shule. Hapa, miaka sita sasa, alikuwa akikata bata mzinga kiwandani. Kukata kuku mnene, eti nayo kazi!

"Mzee, chuo kilianzia hapa," Jairus alisema, kifua mbele utadhani amekijenga yeye. "Hii building ina miaka zaidi ya mia na ishirini. Nataka uone standard yenye kamati inataka."

"Mia na ishirini? Bibi yangu alikufa na tisini na tano, na hakuna mtalii aliyekuja kumtazama."

Wakapita kwenye nguzo nene nyeupe. Onesphore akazibeulia midomo. Nguzo zote hizo kwa paa lile? Huo ni woga, alisema. Fundi asiyejua uzito wa paa lake hupanga nguzo kama mtu anayepanga visingizio. Jairus akacheka kwa adabu, kicheko cha mtu aliyekwisha kujuta kuja.

Nyuma ya jengo moja la mawe walimkuta binti juu ya jukwaa fupi, hereni puani, kofia kaigeuza nyuma, anaziba nyufa kati ya jiwe na jiwe. Onesphore alicheka waziwazi.

"Wanaume wamekwisha mji huu? Na hapo anashindilia saruji tupu, utaona. Saruji inavunja jiwe la kale."

Akatia kidole kwenye ndoo ya binti, akasugua. Chokaa. Laini, iliyolazwa siku nyingi. Akatafuta kosa lingine: jiwe lilikuwa limeloweshwa, ufa umekwanguliwa hadi ndani, yote kama inavyotakiwa. Hapo roho ilimuuma kweli.

"Mwambie anashika mwiko kama kijiko cha uji."

Jairus akatafsiri, bila shaka kwa kuitia sukari, kwa kuwa binti alitabasamu, akashuka, akamnyooshea Onesphore mwiko. Jairus akatoa simu apige video ya kuonyesha kamati. Haya, kazi ya kanisa ndiyo hiyo, imekuja mkononi.

Onesphore akachota chokaa, akainua. Vidole viwili vya mwisho havikukunjika. Ikadondoka kiatuni. Akachota tena, ikadondoka tena. Alikuwa anajua, bwana. Mwaka wa pili huu Donatille mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati asubuhi. Lakini alijiambia ni kisu cha kiwandani tu, na ni baridi ya mle ndani, na kwamba siku akiushika mwiko vidole vitakumbuka. Mara ya tatu alishika kwa mikono miwili, akaipakaza chokaa usoni mwa jiwe.

Jairus alishusha simu. "Ni uchovu tu, mzee. Tutarudi siku ingine."

"Usinihurumie!"

Akalifuta jiwe kwa kiganja, polepole, mpaka likawa safi. Akamrudishia binti mwiko, mpini mbele. Binti akachota, akajaza ufa, akaukandamiza mara moja tu, ukakaa. Onesphore alitazama mpaka mwisho, akitafuta kosa, na kosa hakuliona.

"Mwombe namba ya simu," alimwambia Jairus. "Ukuta wa kanisa mpeni huyu."

Aliyasema hayo akilia mbele ya Mkenya na mbele ya binti, wala hakuweza kujifuta machozi, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa chokaa.