Mgambo Ashuka Gunia la Saba

Kwenye duka la maharage la Dafroza, mama mzaliwa wa Mawengi aliyeolewa Makambako, mlinzi ni paka. Jina lake Mgambo. Ana miaka kumi na minne, na tangu ujanani kitanda chake kilikuwa gunia la juu kabisa, la saba, mahali ambapo panya wote walimwona na yeye akawaona.

Lakini paka naye huzeeka. Alipotimiza kumi na moja akahamia gunia la sita. Baadaye, la tano. Dafroza hakuhangaika, hata yeye siku hizi akipanda ngazi za kanisani husimama katikati na kujifanya anasalimia watu.

Sasa mwaka huu, mwezi wa sita, baridi ikiwa imekolea, Jumatatu moja Mgambo akaonekana gunia la tatu. Jumanne, la kwanza. Jumatano alilala chini kwenye saruji, wala hakujaribu kupanda.

"Shemeji, huo ni uzee," akasema Silvanus, mdogo wa mumewe, anayemsaidia dukani. "Huyo ni babu. Unataka acheze mpira?"

"Kutoka la saba mpaka la tano alitumia miaka mitatu," Dafroza akamjibu. "Kutoka la tano mpaka chini, siku tatu. Uzee hutembea, Silvanus. Hiki kinachokimbia si uzee."

Silvanus akajikuna kichwa. "Na daktari akisema dawa ni sindano ya kumlaza moja kwa moja?"

Hilo ndilo lililomnyima Dafroza usingizi. "Basi aseme," akajibu. "Lakini aseme akiwa amemshika, siyo kama wewe uliyeegemea mlango."

Alhamisi akamtia kwenye tenga la kuku, akamtandikia kitenge, wakaenda Njombe. Kwa daktari wa mifugo walikuta watu na vifaranga wao, na mzee mmoja aliyeficha kitoto cha nguruwe ndani ya koti. Tenga likalia nyau.

"Mama, huyo kuku wako ana mafua mabaya," mzee akasema. Benchi zima likacheka, Dafroza akiwa wa kwanza.

Daktari, binti aitwaye Rejoice, akafungua daftari. "Mfugo gani?"

"Paka."

"Wa nyama, maziwa au mayai?"

"Wa kulinda maharage."

Rejoice akaandika hivyohivyo. Akampapasa Mgambo tumbo, akamwangalia meno, kisha akamshika mguu wa mbele. Mgambo akanguruma. Kucha moja ilikuwa imerefuka, ikajikunja kama ndoana na kuzama kwenye nyama ya unyayo.

"Wakizeeka wanaacha kunoa kucha, mama. Huyu kila akikanyaga anajichoma mwenyewe. Umewahi, hapajaoza."

Kucha ikakatwa, kidonda kikasafishwa, na Mgambo akadungwa sindano iliyomfanya atukane kwa lugha ambayo Dafroza aliapa ni Kipangwa cha kwao Mawengi. Kisha akaugusisha mguu mezani. Akaugusisha tena. Akaukanyaga, akapita juu ya daftari la daktari, akashuka mpaka kwenye benchi kumnusa kitoto cha nguruwe.

Dafroza akapiga simu dukani. Silvanus alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Amesemaje?"

"Ni kucha tu, shemeji. Imekatwa."

Silvanus akashusha pumzi ndefu, halafu akakumbuka kubisha. "Na ule uzee je?"

"Upo," Dafroza akasema, kicheko kikimtoka. "Daktari ameuacha palepale."