Maziwa ya Unga na Heshima ya Wageni

Nilisomea mambo ya lishe chuo kikuu, na katika miaka yote ile ni somo moja tu lililonitoa darasani nikaenda kusimama chooni nimeegemea ukuta. Mhadhiri alikuwa anaeleza kwamba kile kinachojenga mwili ndani ya kopo la maziwa ya unga, hata lile la bei ya juu kabisa, kimo pia ndani ya karanga, kunde na dagaa. Aliandika ubaoni, akafuta, akaendelea. Wenzangu walidhani nina mimba. Sikukanusha, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Tulikaa Isevya, mtaa wa Tabora, wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa mpakizi wa mizigo stesheni, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, aliyeamini kwamba kitu kikishaandikwa kwa Kiingereza kimekwisha kuthibitishwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa wa mwaka na nusu, na aliachishwa ziwa kwa ghafla, kwa sababu mama alikuwa ameshika mimba nyingine.

Alianza kwa kununa. Halafu nywele zake zikageuka rangi, zikawa nyepesi na nyekundu kama ndevu za mahindi. Halafu miguu ikavimba. Ukimbonyeza unyayo, kidole kilipotoka kiliacha shimo ambalo halikuwa na haraka ya kujaa. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nilikuwa nikimbonyeza mara kwa mara nione shimo, na yeye hakulia wala kunivuta nywele kama zamani.

Majirani walijua jina la ugonjwa huo kabla hatujafika zahanati. Mtoto amebemendwa, walisema: wazazi hawakusubiri, mimba imeingia angali ananyonya, na maziwa ya mama yakamharibu. Maana yake ni kwamba kila aliyemtazama mdogo wangu alikuwa anatazama pia kitanda cha baba na mama. Mama aliacha kwenda kisimani saa za wenzake.

Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, hakusema habari za kubemenda. Alimvuta mtoto kope, akamwambia mama, "Huyu hana ugonjwa wa sindano. Ana njaa."

"Njaa?" Mama alichukia. "Kwangu ugali haukosekani, bwana dresa. Tumbo lake hilo, hulioni lilivyojaa?"

"Limejaa muhogo. Mpe maziwa. Maziwa yoyote."

Ng'ombe walikuwa mbali, upande wa Igunga, na kiangazi kile maziwa ya kibuyu yalifika kwetu yameganda. Baba alisema mgonjwa hapewi maziwa yaliyoharibika. Leo ningemwambia kwamba yale ndiyo yangemfaa sana. Lakini leo ninajua mambo mengi, na yote nimeyajua kwa kuchelewa.

Ndani kulikuwa na gunia la karanga, tuliloletewa na bibi yetu mzaa baba. Baba aliliuza lote. Kisha akanishika mkono tukaenda Gongoni, kwenye duka la mzee mmoja Mwarabu ambaye babu yake alifika Tabora na misafara ya pembe za ndovu, akapaona panamtosha. Mzee alikuwa na maziwa ya unga ya aina mbili. Aina moja ilikuwa kwenye pipa, akikupimia kwa mizani na kukufungia karatasi. Nyingine ilikuwa kwenye kopo zuri la bati, lenye picha ya mtoto wa Kizungu mwenye mashavu kama maandazi.

"Chukua haya ya pipa," mzee alimwambia baba. "Kwa bei ya kopo hilo nakupimia haya mara nne."

"Tofauti yake nini?"

"Bati."

"Sheikh, acha mzaha. Mtoto wangu mgonjwa."

"Na mimi nakwambia kwa kuwa ni mgonjwa. Ukimpa haya atakunywa miezi miwili na zaidi. Maziwa ni yale yale, bwana. Huyo mtoto wa kwenye picha hayumo ndani."

Baba alilitazama pipa, akaitazama karatasi ya kufungia, iliyokuwa gazeti. Akawatazama na watu wawili wa Isevya waliokuwa wamesimama nyuma yetu wakisikiliza.

"Mwanangu si wa kupimiwa kwenye gazeti," alisema.

Niliona fahari. Nililibeba kopo kichwani hadi nyumbani, picha imeelekea mbele, na nilipita njia ndefu ili watu wengi zaidi wanione.

Mama aliliweka juu ya kabati, mahali ambapo mtu yeyote akiingia macho yake yanafikia hapo kwanza. Ubavuni kulikuwa na michoro ya vijiko na kikombe, nasi tuliifuata: vijiko vitatu, maji ya moto, koroga. Siku tatu za kwanza mdogo wangu alikunywa. Siku ya nne aliponiona nimeshika kikombe alinyoosha mkono. Mama alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Habari za kopo zilienea, na watu wakaanza kuja kumjulia hali mgonjwa. Desturi yetu mtu akija kuona mgonjwa hupewa chai. Na chai, katika nyumba ambayo maziwa yanaonekana juu ya kabati, utaitoaje bila maziwa? Nyumba nyingine wangeweza. Sisi, ambao tayari tulisemwa kwamba tumemharibu mtoto wetu kwa kukosa subira, hatukuweza. Kila kikombe cheupe mama alichokitoa kilikuwa kinasema: tazameni, hatujamnyima kitu.

"Karibu chai, jirani."

"Aa, dada, usijisumbue. Nimekuja kumwona mtoto tu."

"Kikombe kimoja hakisumbui. Weka maziwa, mwanangu, usimfanyie jirani ubahili!"

Nami niliweka. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye kijiko. Walikuja wa kanisani, walikuja wa stesheni, walikuja watu ambao hata shikamoo yangu hawakuwahi kuiitikia njiani. Nasema sasa jambo ambalo sijawahi kuliandika: nilipenda waje. Chai iliyobaki kwenye birika ilikuwa yangu. Jioni tulipopiga magoti nilimwomba Mungu ampe mdogo wangu nafuu na atuletee wageni, yote mawili katika sala moja, na sikuona kama yanagombana.

Kopo likashuka. Hakuna aliyeamua jambo. Vijiko vitatu vya mtoto vikawa viwili, kisha kimoja cha kusawazishwa kwa kidole. Kikombe chake kikawa cha maji yenye rangi ya ukungu. Karanga hazikuwapo tena. Dagaa wa Kigoma waliuzwa sokoni kila treni ilipofika, lakini baba alikataza asipewe. Chakula cha kopo kina nguvu zake, alisema, na ukikichanganya na vya kienyeji zitavunjika. Sijui alilipata wapi hilo. Alilisema kwa uhakika mkubwa, kama mimi ninavyosema mambo kwenye mikutano.

Bibi alifika katikati ya wiki ya tatu, kwa miguu, akiifuata ile njia ya zamani ya misafara siku nzima na nusu. Aliingia, macho yakafika juu ya kabati, halafu yakashuka mkekani.

"Shikamoo mama," mama alimsalimu akipiga goti.

"Marahaba. Mume wangu ana nini?" Ndivyo alivyomwita mdogo wangu, na mimi aliniita mke mwenzake. "Mbona mzungu wa kwenye kopo ananenepa na mume wangu anaisha?"

Mama alieleza habari za dresa na maziwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na karanga zangu ziko wapi?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, na mikono yake mikubwa haikuwa na pa kukaa. Bibi akaongea naye Kinyamwezi kwa muda mfupi, kwa sauti ya chini. Mimi nilielewa maneno yote na sitayaandika.

Alikuwa amekuja na kifurushi kidogo cha karanga. Akazitwanga, akapika uji, na safari hii baba hakukataza. Lakini mdogo wangu aligeuza uso. Bibi alimpaka uji midomoni kwa kidole, akamwimbia, akamtania, akamwambia atamwacha aolewe na mwanamume mwingine. Uji ulikaa midomoni ukakauka. Mama aliufuta kwa maji ya vuguvugu, taratibu.

Siku ya mshahara baba alitoka stesheni moja kwa moja hadi Gongoni kununua kopo la pili. Alipofika nyumbani nalo, wanawake walikuwa wameshaketi kwenye mikeka uani, na mama alikuwa katikati yao bila kilemba.

Baba alisimama na lile kopo mkononi. Mtu mmoja alimpokea, akaliweka chini ukutani, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuliweka.

Baada ya maziko watu walirudi kwetu, na ilibidi wapewe chai. Nilikwenda kwa mama, nikamwuliza nifungue kopo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. "Hapana," alisema. "Chai ya rangi."

Nikawagawia vikombe vyeusi, na uso ukiniwaka kwa aibu. Nilingoja mtu agune. Hakuna aliyeguna. Walipokea kwa mikono miwili, wakasema asante mwanangu, wakanywa. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mwema ambaye hakukosa kuja hata siku moja katika wiki zile tatu, alimaliza kikombe chake akashusha pumzi.

"Hii ndiyo chai," alimnong'oneza mwenzake, na mama alikuwa amekaa karibu nao. "Ile ya unga ilikuwa ikinikata tumbo usiku kucha. Nilikuwa nakunywa kwa heshima tu, maskini, nisimvunje moyo."

Mama aligeuka akamtazama. Nilidhani atapiga ukelele. Aliinuka, akalichukua birika mikononi mwangu, na akamjazia jirani kikombe tena mpaka juu.