Bawa la Senene Kwenye Kigari

Tak.

Mlio mmoja, mkavu, kama kijiti kilichovunjika ndani ya chuma, kisha kimya. Sisi tunaokaa kilimani juu ya Kagoma hatujausahau, maana asubuhi ile tulisimama wengi nje ya zahanati, na kila mmoja wetu alikuwa akiomba usikike mlio mwingine.

Evarist, dereva, aligeuza ufunguo tena. Taa za dashibodi ziliwaka, zikafifia. Tak. Kimya.

"Acha kukitesa," alisema nesi Joyness. "Mpigie Maulida."

Ndani, kwenye benchi la zahanati, alikaa Theopista, ameshika kiuno. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na huyu wa pili alipangiwa vivyo hivyo, wiki mbili mbele. Lakini uchungu ulikuwa umeanza alfajiri. Mume wake alikuwa Mwanza kikazi. Mama mkwe wake, bibi Kokugonza, alikuwa amefunga vitenge na sabuni kwenye kapu, na amekwisha kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri basi.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Daraja la magogo lilikuwa limelegea, na gari la wagonjwa lingeweza kufika Kagoma tu, barabarani, likatusubiri pale. Kushuka kutoka kwetu mpaka Kagoma, njia ilikuwa moja: kigari.

Kilitoka kwa marafiki wa usharika wetu walio ng'ambo. Kina viti viwili mbele, usukani, mikanda, magurudumu mapana yenye meno, na bodi ndogo nyuma ya kulaza mgonjwa au kupakia maboksi ya chanjo. Milango hakina. Kinapita katikati ya migomba, kinapanda panapomtelezesha hata mbuzi. Kabla yake tulibeba wagonjwa kwa machela, na wako tuliowashusha njiani wakiwa hai, tukawapandisha wakiwa wamefunikwa. Ndiyo maana kila anayeteremka kwenye kigari humwambia Evarist, "Wakola, waitu." Kwetu sisi Wahaya ndiyo asante.

Simu ya Maulida iliita mara moja tu.

"Fundi, kimegoma," Evarist alisema.

"Ukigeuza ufunguo unasikia nini?"

"Tak."

"Moja, au nyingi kama mvua kwenye bati?"

"Moja."

"Basi usiguse tena. Kila ukigeuza unakula kile kidogo kilichobaki. Kuna betri nyingine hapo karibu?"

Evarist alitutazama. Mtu mmoja akasema, "Ya vipaza sauti vya kwaya."

"Ileteni. Nakuja."

Maulida binti Yunus alizaliwa Bukoba mjini, jirani na ziwa. Baba yake, mzee Yunus, alitengeneza injini za mitumbwi na jenereta za maduka. Watoto wa kiume wa nyumba ile walipenda biashara zaidi, kwa hiyo aliyeshika tochi na kumpa mzee spana alikuwa binti. Alipomaliza shule ya msingi alinunuliwa cherehani. Wiki ile ile aliifungua yote mezani kuona inavyopumua, akaifunga, ikashona vizuri kuliko mwanzo, lakini yeye hakushona nayo kitu. Mzee Yunus alicheka mpaka akakohoa, akamrudishia spana.

Mzee yule hakuwahi kusema mashine imekataa. "Haikatai," alikuwa akisema. "Inaomba. Inaomba moto, au mafuta, au hewa. Kazi yako ni kusikia inaomba nini." Maulida alikua na maneno hayo. Akaolewa na Jamali, muuza vipuri wa Muleba, na huko akafungua gereji yake nyuma ya duka la mumewe. Jamali hupenda kuwaambia wateja kwamba wanaume wenzake huwanunulia wake zao manukato, lakini wa kwake anajitosheleza kwa petroli.

Kigari kilipoletwa kwetu, Maulida alipanda mlima akakaa nacho kutwa nzima. Alifuata kila waya kwa kidole, akamuuliza Evarist kila sauti inatokea wapi. Tangu siku ile ni chake kama kilivyo chetu.

Na ana jambo moja ambalo tulibishana sana juu yake. Injini ikishika, kabla hajafuta mikono, huinama, midomo yake hucheza kidogo. Hakuna aliyewahi kusikia anasema nini. Wengine walisema ni dua. Mzee Ndyamukama, kiongozi wa wabeba machela, aliapa kwamba ni dawa ya mzee Yunus, na bila hiyo mashine haitembei. Tulimuuliza mara kadhaa. Alicheka tu, akaomba maji ya kunawa.

Asubuhi ile alifika kwa bodaboda, tope limempanda hadi magotini, ushungi umefungwa nyuma ya shingo kama anavyoufunga akifanya kazi. Aliingia kwanza ndani kwa Theopista.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Yanakuja na kuondoka, mama."

"Yakija, pumua. Mimi niko hapo nje."

Nje, wabeba machela walikuwa wamekwisha kukusanyika. Machela yenyewe ilikuwa imetolewa stoo, ikafutwa vumbi. Hakuna aliyependa kuitazama. Njia ilikuwa kama sabuni, na Joyness alikuwa ametuambia wazi: Theopista afike hospitali kabla uchungu haujakolea, na kovu lake lisitikiswe kwa pikipiki wala yeye asianguke na wabeba machela.

Maulida alifungua kifuniko cha betri. Kichwa kimoja kilikuwa kimeota unga mweupe, na nati yake ilicheza kwa vidole. Aliifungua, akasugua kichwa kwa msasa mpaka kikang'aa, akakisafisha na cha pili. Akaweka mita.

"Imeisha," alisema. "Lakini betri hii nimeipima mimi mwezi uliopita. Haiwezi kuisha yenyewe. Kuna mtu anainywa."

Evarist alianza kufuta kioo ambacho hakikuwa kichafu.

Maulida alifuata waya. Chini ya dashibodi alikuta nyaya mbili ngeni, nyekundu na nyeusi, zimefungwa utepe wa kijani, zinaingia kwenye boksi la fyuzi. Alilifungua lile boksi, akakaza macho, akaingiza ncha ya bisibisi taratibu. Akatoa kitu, akakiinua juu ili wote tuone.

Lilikuwa bawa la senene.

"Evarist," alisema, "na huyu naye alikuwa mgonjwa?"

Asiyejua kwetu asitucheke. Mwezi wa Novemba, mvua zikikolea, senene, panzi wetu wa kuliwa, hushuka usiku kama baraka, na hufuata mwanga. Watu wa bondeni walikuwa na taa kubwa za jenereta na mabati yanayong'aa, senene wote wakiishia kwao. Sisi juu tulikuwa tunatazama mwanga wao na kumeza mate.

"Siku mbili tu, usiku, fundi," Evarist alisema. "Nilifunga taa mbili. Nilijua asubuhi kitajichaji chenyewe kikitembea. Halafu mvua ikazidi, hakikutembea."

"Senene hao walikwenda wapi?"

Mzee Ndyamukama alikohoa.

"Mimi nililetewa sahani," Joyness alisema mwishowe.

"Sisi wa machela tulipewa sufuria," alisema Ndyamukama. "Ndogo."

"Ndogo!" Bibi Kokugonza aliruka. "Nilikuona ukifuta mafuta kidevuni! Lakini na mimi nilikula, nisiseme uongo. Bibi yangu mimi alikamata senene maisha yake yote na hakuonja hata mmoja, maana walikuwa wa wanaume. Zamani wanawake hatukula senene, na magari yalikuwa yanawaka."

"Zamani hakukuwa na magari, dada yangu."

"Ndiyo maana hayakuharibika!"

Sauti ya Theopista ilitoka ndani, imechoka. "Msimlaumu Evarist. Ni mimi niliyewatamani. Mimi ndiye niliyekula wengi kuliko wote."

Tulicheka, na katika kucheka tuliona aibu, kwa sababu kilima kizima kilikuwa kimeila ile betri. Maulida hakumkaripia mtu. Aliliweka bawa mfukoni, akasema, "Haya. Leteni betri ya kwaya."

Vijana wa kwaya waliileta wameibeba kwa kitenge, kwa heshima, kama sanduku la sadaka. Aliunganisha nyaya za kubusti, nyekundu kwa nyekundu, na ile nyeusi ya mwisho akaibana kwenye chuma kitupu cha fremu, mbali na betri. Akamwambia Evarist ageuze.

Stata ilizunguka! Tulipiga makofi. Ikazunguka, ikazunguka, injini isishike.

"Zima," alisema Maulida. "Nyamazeni wote. Evarist, geuza nusu, usiwashe."

Tulinyamaza mpaka tukasikia matone yakianguka kwenye majani ya migomba. Aliweka sikio karibu na tenki.

"Pampu hailii," alisema. "Ukigeuza nusu inapaswa kulia kidogo, kama mbu. Haina umeme. Moto upo sasa, inaomba mafuta."

Alirudi kwenye boksi la fyuzi. Taa za senene zilikuwa zimefungwa pale pale panapolisha pampu, na fyuzi imeungua, kijinyuzi chake kimekatika katikati. Evarist alitaka kusaidia, akatoa kipande cha waya mfukoni.

"Hapana, mdogo wangu. Fyuzi imekufa ili waya zako zisiungue na watu juu yake. Tuiheshimu." Akachagua mpya kwenye kikopo chake, yenye namba ile ile, akaichomeka. Akazing'oa nyaya ngeni, akazikunja vizuri, akampa Evarist mkononi. "Geuza nusu."

Ziii.

"Sasa washa."

Kikashika. Kikanguruma, kikatulia, kikanguruma tena. Na Maulida akainama, kama kawaida yake, midomo ikacheza. Kelele zetu zilikuwa nyingi, hakuna aliyesikia.

Theopista alikalishwa kiti cha mbele, mto mgongoni. Joyness, bibi Kokugonza na Maulida walikaa kwenye bodi, na betri ya kwaya katikati yao. "Sijakiamini bado," Maulida alisema. Mzee Ndyamukama naye hakukiamini. Aliamuru machela ibebwe tupu, na wanaume wakashuka nyuma ya kigari kwa miguu, wakiteleza na kushikana.

Walikuwa na haki. Chini kidogo ya daraja, mahali ambapo migomba inafunika njia, injini ilianza kukohoa, ikazima. Theopista alifumba macho. Bibi Kokugonza alimtazama Maulida, akamshika mkono.

Maulida aliteremka. Hakufungua boneti wala kugusa waya. Alikwenda kwenye kifuniko cha tenki, akakizungusha taratibu.

Fyuuu. Tenki lilivuta pumzi ndefu.

"Hewa," alisema. "Mafuta yanatoka, hewa haiingii, pampu inavuta mpaka inashindwa." Alifuata kimpira chembamba kinachotoka juu ya tenki, akakuta ncha yake imezibwa: nyigu alikuwa amejenga humo nyumba yake ya udongo. Aliuchokoa udongo ule kwa unyasi mgumu, akapuliza, akapuliza tena mpaka pumzi ikapita. Wenye machela walikuwa wamefika, wanahema, wamesimama tayari pembeni. Akawaomba wasubiri kidogo.

Evarist aligeuza ufunguo. Hata betri ya kwaya haikuhitajika.

Hakikuzima tena. Kagoma tulilikuta gari la wagonjwa, dereva wake amefungua mlango wa nyuma. Theopista alipoteremshwa alimgeukia Evarist, akamwambia yale maneno ambayo kila mtu humwambia, na Evarist alilia pale pale, mikono bado kwenye usukani. Maulida alitaka kurudi gerejini kwake, lakini bibi Kokugonza hakuuachia mkono wake, kwa hiyo naye akapanda.

Tangu mwaka ule, senene wanapoanza kushuka, fungu la kwanza hufungwa katika jani la mgomba na kupelekwa Muleba, kwa Jamali na mkewe. Tunawakamata kwa jenereta tuliyochangia wote. Evarist ndiye anayelipeleka, na kabla ya kuondoka huonyesha kila mtu boksi la fyuzi.

Mengine tuliyasikia kwa bibi Kokugonza mwenyewe. Anasema walikaa kwenye korido ya hospitali, Maulida na mafuta meusi vidoleni, hataki kugusa ukuta uliopakwa rangi. Walimsikia daktari akiongea nyuma ya mlango, vyombo vikigongana, kisha kimya kirefu. Bibi anasema kilikuwa kimya cha aina ile ile tuliyoisikia asubuhi baada ya mlio wa ufunguo, na kwamba Maulida alikuwa amegeuza sikio upande wa mlango, hapumui.

Ndipo mtoto akalia. Mara moja, kwa kukwaruza, kama anajaribu. Kisha kwa nguvu, mfululizo, bila kuacha.

Bibi Kokugonza aliinua mikono juu. Na pembeni yake, karibu kabisa na sikio lake, Maulida aliinamisha kichwa kama anavyoinama juu ya kila injini iliyoshika, na kwa mara ya kwanza mtu wa kilima chetu akasikia anachosema.

"Wakola, waitu," alinong'ona. "Wakola."