Punje za "Get"

Mwaka wa hamsini na moja nilikuwa nikifundisha watu wazima Kiingereza kila jioni kanisani Matisi, nikiwa na cheti kimoja, tai moja na kiburi cha watu kumi. Nyuma kabisa alikaa mama muuza mayai, mkebe wake mapajani. Siku niliyotangaza kwamba neno "get" lina maana nne tu, alitia punje nne za mahindi mkebeni, akafunika. Asubuhi alizunguka na mayai yake majikoni kwa Wazungu wa Kitale, na kila aliposikia "get" hakuuliza maana. Alisimama akatazama kinachofuata, na kwa kila maana mpya akaongeza punje mkebeni. Mbwa akifukuzwa, punje. Mtoto akiamshwa, punje. Bwana akilowa mvua, punje. Vidole vyake vilivyopasuka kwa jembe viliidondosha kila punje taratibu, kama anayepanga mayai. Darasani hakufungua mdomo, mpaka jioni moja ya mwezi wa tatu alipokuja mbele ya wote, akamimina mkebe mezani kwangu. Punje ishirini na saba.

"Mwalimu, si ulisema nne?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Sasa hizi zingine nirudishe wapi?"

Nilikaza tai, nikatafuta jibu la msomi, nikapata hili: "Nenda ukazipande, mama."

Alizipanda kweli. Mwezi wa nane aliniwekea kikapu cha mahindi mabichi juu ya meza ile ile, bila hata kutabasamu.

"Zimezaa, mwalimu. Tuanze kuhesabu?"