Wa Kuangalia Maji

Mimi ni mwoga wa maji, na sioni haya kulisema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini tangu ninunue kamera, ndege wa majini wameniteka akili, na ndege hao hawali sebuleni kwangu Kibaha. Wanakula Dutumi, kandokando ya mto Ruvu, penye mamba.

Mdiria akivua, husimama hewani akipigapiga mabawa, kisha hujitupa majini kichwa mbele. Ukipepesa, umemkosa. Kwa hiyo jicho moja unaligandisha kwenye kamera, jingine unalifumba, na hapo hata mamba akikupigia hodi humsikii. Ndiyo maana mume wangu hufuatana nami. Mimi hujifunga kanga kiunoni, yeye hukaa nyuma yangu ukingoni, ncha ya kanga kajizungushia kiganjani, anaangalia maji. Akivuta, narudi nyuma bila kuuliza. Yeye ni mtu wa Kisarawe, kwao mihogo na mikorosho. Ndege anawajua wale wanaoliwa na wali.

"Mama watoto," huniambia, "wewe shughulika na kuku wako. Maji niachie mimi."

Asubuhi ile mto ulikuwa umepungua, na samaki wadogo walikuwa wamejazana kwenye ghuba moja ya maji yaliyotulia. Yangeyange walikuwa wengi, wanaruka chinichini na kudonoa. Juu yao mdiria na mwenzake walikuwa wanashindana. Nilisimama matopeni karibu na maji, moyo unanidunda kama kawaida yangu, lakini kanga haikuvutwa, nikaendelea. Mdiria mmoja akajitupa, akaibuka na samaki mdomoni, nami nikabonyeza.

"Amempata! Mwone, mama watoto, amempata!"

Ilikuwa sauti ya mume wangu, imejaa furaha ya kitoto. Nilitaka kucheka. Kisha mwili wote ukanisisimka. Kama yeye anamwangalia ndege, maji anayaangalia nani?

Nilishusha kamera. Sauti ile ilikuwa imetokea ubavuni kwangu. Alikuwa ameshuka kutoka ukingoni bila mimi kujua, maji yamemfika vifundoni, shingo kaiinua juu, anatabasamu. Mbele yake palielea kitu kama gome la mti, na gome lile lilikuwa na macho. Likazama taratibu, maji hata hayakutikisika.

Nikaishika kanga kwa mikono miwili nikavuta kwa nguvu zote nilizozaliwa nazo. Alianguka chali juu yangu, tukabiringika matopeni, na pale alipokuwa amesimama maji yakapasuka. Niliona taya. Nilizisikia zinavyofunga, kama mlango wa bati uliobamizwa. Tulipanda ukingo kwa magoti na viwiko, na tulipofika juu hatukusimama, tulikimbia hadi kwenye shamba la mahindi la watu.

Huko nikampiga. Nilimpiga mgongoni kwa viganja, nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika, huku nalia. Sijawahi kuogopa vile, hata siku za uchungu wa kuzaa. Baadaye sana mume wangu akasema, "Siku zote nilikuwa naona maji tu. Kumbe ndege yule ni mzuri vile!"

Wiki iliyofuata nilimkuta sebuleni anaisafisha kamera matope. Alitaka twende tena, na safari hii picha apige yeye. Nilikataa, nikanuna, nikakinunia hata chakula chake. Mwishowe nikashindwa, maana tamaa ile naijua. Sharti langu lilikuwa moja: tukae juu kabisa ya ukingo, mbali na maji.

Alipiga picha mpaka jua likawa kali. Kila mara alikuwa ananiambia, "Mwone yule! Mwone na huyu!" Mimi nilikuwa nyuma yake, macho yananiuma kwa kuyakodolea maji, na sikuyainua hata mara moja.