Honi Mbili za Pilipili

Udongo wa chini kabisa una harufu yake. Si ya vumbi letu la kila siku, wala ya mvua ya kwanza. Ni harufu baridi, nzito, kama sufuria ya zamani iliyofunikwa na maji ndani. Juzi vibarua walichimba mtaro wa mabomba mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu, hapa Kolwezi, na harufu hiyo ikaingia hadi mezani. Niliweka bisibisi chini. Nilikuwa tena na miaka kumi, nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni kwetu, mtaa wa Kasulo, nikimtafuta Pilipili.

Nisiwafiche, nilikuwa mtoto mpweke. Tata, yaani baba yangu, alikuwa karani wa kampuni moja ya shaba na alitoka kabla ya jua. Mama aliuza vitenge mji wa Fungurume. Tulimwona Jumamosi jioni, na Jumapili baada ya misa alikuwa ameshaondoka. Nilibaki na nkambo, yaani bibi yangu, aliyependa sala na usingizi kwa kiasi kilekile. Watoto wa kucheza nao hawakuwepo. Wakati ule watu wa mtaa wetu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na mwenye shimo sebuleni hataki mtoto wa jirani aje kuomba maji ya kunywa. Jirani zetu walizungushia uwanja wao turubai, tukawa hatuwaoni kabisa. Nkambo alipita hapo akitikisa kichwa.

"Mulango ikifungwa sana," alisema, "ndani banakula ao banalia."

Mjomba ndiye aliyeniletea kigemu, kile kimashine cha mkononi cha kuchezea. Kilikuwa cha mtumba, kutoka Kasumbalesa mpakani, na ndani mlikuwa na mchezo mmoja tu, wa mbio za magari. Akanionyesha mahali pa kucheza watu wawili: mmoja anafungua mchezo, mwingine anatafuta, majina yanatokea kwenye kioo, basi.

"Hii haiombe rezo, haiombe mega," aliniambia, yaani haihitaji mtandao wala bando. "Bikiwa bibili karibu, binasikilizana byenyewe."

Alisahau kitu kimoja tu, kuniletea hicho cha pili.

Kila siku baada ya shule nilibonyeza pa kutafuta. Kiduara kilizunguka, kikazunguka, kisha mashine ikanijulisha kwa Kifaransa cha adabu kwamba hakuna mchezaji aliyepatikana. Nilijaribu uwanjani, nikajaribu chooni, nikajaribu hata kanisani chini ya benchi. Kukataliwa na watu mtu huzoea. Kukataliwa na mashine kila siku, saa ileile, kuliniuma kwa namna ambayo sikuwa na mtu wa kumweleza.

Halafu siku moja ya mvua nilijibanza pembeni jikoni, nyuma ya gunia la makala, yaani mkaa, na kwenye kioo likatokea jina: PILIPILI.

Moyo ulinienda mbio hata kabla ya magari. Tulishindana mpaka umeme ukakatika na betri ikaisha. Katika mchezo ule hapakuwa na namna ya kusema neno, ila honi tu. Pilipili alipiga mbili. Nami nikapiga mbili. Nilikuwa dereva mbaya sana, kila daraja nilianguka, na kila nilipoanguka Pilipili alisimama barabarani, akapiga honi mbili, akanisubiri nipande. Mwaka ule hakuna mtu mwingine aliyenisubiri.

Jina lake lilipatikana pale tu, nyuma ya gunia. Na palepale, nikitulia, nilisikia kitu chini ya sakafu: ko, ko, ko. Nikaunganisha mambo kwa akili ya mtoto wa Kasulo. Kwetu kila kizuri kilitoka chini: karo ya shule, magodoro mapya, pikipiki za watu. Basi na Pilipili alitoka huko. Shimo la jirani lilikuwa limefika chini yetu, na mchezo wetu ulipita humo kama maji kwenye bomba. Nilimwona kabisa akilini, mtoto ameketi humo gizani akiwangoja wazazi wamalize kuchimba.

Sakafuni ukatokea ufa, mwembamba kama uzi. Jioni moja tata alisimama mlangoni, bado na shati la kazi.

"Numbi, weye unashindaka hapa. Unasikia batu banachimba huku chini?"

"Hapana, tata. Mi siyasikia kitu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba kwa mkeka.

Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha, nkambo akaingiza jikoni mbabula, lile jiko la makala, apike bukari, ugali wetu. Sakafu ilizama kiganja kizima. Mbabula ikalala upande, na maji ya moto yakamwagikia mguu wake. Aliketi pale akimwita Yesu kwa sauti ndogo. Mimi nililia kuliko yeye, naye akanibembeleza, akidhani nalilia mguu. Naona aibu kuandika hivi, lakini nusu ya machozi yale ilikuwa ya shimo.

Tata alimleta chifu wa mtaa. Ikaamuliwa jirani wahame na shimo lifukiwe. Kesho yake, nikitoka shule, niliona lori la udongo likirudi kinyumenyume kwenye kichochoro chetu, nikaanza kukimbia. Nilitaka kumwahi Pilipili kabla njia haijaziba. Kwenye kona pikapu ya jirani ilikuwa imesimama ikisubiri lori lipite, na juu ya magodoro ameketi msichana wa rika langu, beseni mapajani, ambaye sikuwa nimewahi kumwona vizuri. Alinitazama, akaligonga beseni mara mbili. Nikadhani anamwambia dereva waende, maana ndivyo wapakiaji wanavyogonga. Nilimpita bila hata kumsalimu. Nikaingia jikoni, nikabonyeza. Hakuna mchezaji. Nje udongo ulikuwa ukimwagwa, na harufu ile ikajaa nyumba.

Kwa miezi niliweka kigemu sakafuni, nikamchukia tata kimyakimya.

Nilipokuwa najifunza ufundi, fundi wangu alinicheka sana. Mawimbi yale hupita hewani, alisema, hatua ishirini hivi, na ukuta wa matofali hayaujali. Udongo mwingi ndio unaoyaua. Pale nyuma ya gunia palikuwa karibu na ukuta wa jirani, basi. Pilipili hakuwahi kuwa chini. Alikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa, amekatazwa kutoka asije akasema kilichomo chini ya kitanda. Nilikaribia kumtumbukiza nkambo ardhini kwa kulinda shimo lisilonipa chochote. Kabla hajafa nilimwambia habari za mkeka. Alicheka, akasema mguu umeshasahau.

Mimi sijasahau pikapu. Jina langu msichana yule alilijua, kwa kuwa kwenye kioo niliandika NUMBI, na nkambo aliliita uwanjani mara ishirini kwa siku. Beseni halikuwa la dereva. Alikuwa ameketi juu ya magodoro akinipigia honi mbili, ananisubiri kama kawaida yake, na mimi nilimpita mbio nikienda kumtafuta.